Mwanaume suti ya anga, dada bikini

Sheria ya kwanza ya anga za juu, kwa mujibu wa makava ya vitabu vya sayansi ya kubuni vya kuanzia miaka ya 40 mpaka 60, ni kwamba oksijeni ni mahitaji ya wanaume tu. Mwanaume utamkuta kavaa suti nzima, glavu, buti, mitungi ya hewa mgongoni, helmeti ya kioo ya duara kabisa, halafu pembeni yake kasimama dada mwenye sidiria ya chuma na kisketi, nywele zimetengenezwa, lipstiki ipo, na wote wawili wako kwenye mwezi huohuo mmoja usio na hewa. Dada hana shida yoyote. Shida yake pekee ni lile dude la kijani lenye macho yaliyotoka nje ambalo limemshika kiuno, na hata hilo ukilitazama vizuri unaona halijamshika sawasawa, limemgusagusa tu, maana mchoraji mikono imemshinda.

Mikono ndo kipimo. Ukitaka kujua kama mchoraji alilipua kazi achana na roketi, roketi hata mtoto wa darasa la tatu anachora, we angalia mikono. Asiyejua kuchora mikono ataificha tu: shujaa kaiweka nyuma, au imezibwa na jiwe, au kavaa maglavu makubwa yasiyo na vidole, au kashika bunduki ya miale kwa pozi ambalo huoni hata kidole gumba kimeelekea wapi. Na hiyo bunduki yenyewe aisee, mara nyingi haina tofauti na ile drai ya mkono ya saluni, mpaka unajiuliza jamaa anataka kumuua huyo kiumbe au kumkausha nywele.

Afu kuna sayari yenye pete. Lazima iwepo. Stori inaweza kuwa inatokea Mirihi, inaweza kuwa inatokea chini ya bahari, lakini juu pale kulia lazima Zohali itokeze, kubwa, inang'aa, hakuna aliyeiita.

Mimi haya makava nayaokota kwenye mitumba. Kuna wale jamaa wanaopanga vitabu chini pale Posta, juu ya turubai, vitabu vya shule, vya kutajirika haraka, Biblia, riwaya nene za mapenzi za Kizungu, na katikati ya hayo yote unakuta kamoja kadogo, karatasi zimekuwa za njano, kana mhuri wa maktaba ya huko Uingereza iliyokatupa, na juu yake kuna mtu anapigana na pweza akiwa ndani ya roketi. Muuzaji akiona nimekaa nacho muda mrefu ananiambia "hicho cha watoto kaka, toa buku". Natoa buku. Za ndani wakati mwingine sizisomi kabisa, nikisema ukweli, na kadiri nilivyofuatilia jinsi vitabu hivi vilivyotengenezwa nimegundua kwamba hata waliochora makava wengi wao hawakusoma, kwahiyo nipo kwenye kampani nzuri.

Kwanza nimtetee mtu mmoja. Lile vazi la dada wa angani lilikuwa maarufu kiasi kwamba mashabiki walilipa jina, sidiria ya shaba, na wa kulaumiwa huwa ni Earle Bergey, mchoraji wa Kimarekani aliyekuwa akichora majarida kama Startling Stories na Thrilling Wonder Stories miaka ya 40. Sasa Bergey tatizo lake ni kwamba alikuwa anajua. Mikono yake ni mikono, shingo inakaa mahali pa shingo, mwanga unatoka upande mmoja. Mabosi walitaka dada, jamaa na dude, yeye akawapa dada, jamaa na dude, kwa ufundi kabisa. Walioharibu ni waliodesa baada yake. Na kwenye hii biashara kudesa kulikuwa kwingi sana, mtu anachukua roketi kutoka kava la huyu, mkao wa shujaa kutoka kwa yule, dude kutoka jarida la mwaka juzi, anaunga, na ndo maana unakuta mwanga unampiga shujaa kutoka kushoto na dude kutoka kulia, kila mtu kaja na jua lake.

Kabla ya Bergey kulikuwa na Frank R. Paul, na huyu nampenda kupita maelezo. Mzaliwa wa Austria, alisomea mambo ya usanifu majengo, na inaonekana, yani inaonekana waziwazi. Mashine zake unaweza kuhesabu nati. Miji yake ya baadaye ina madaraja juu ya madaraja na unaamini kabisa kwamba lifti zinafanya kazi. Halafu unafika kwa binadamu na unakuta kasimama kama amepigwa picha ya pasipoti, mikono pembeni, uso hauna habari, nyuma yake jiji linateketea. Toleo la kwanza kabisa la Amazing Stories, jarida la mchapishaji Hugo Gernsback, Aprili 1926, kava ni la Paul: watu wanateleza kwenye barafu kwa viatu vile vyenye visu, kwa nyuma meli zimekwama juu ya vilima vya barafu, na angani, nimeshakwambia, Zohali. Kwa bahati nzuri pale ilikuwa na sababu, hadithi ilikuwa ya Jules Verne na watu wamebebwa na nyota yenye mkia, yani kometi, kwahiyo tunamsamehe. Ila wale watu wanateleza kwa furaha sana kwa watu waliobebwa na kometi.

Desemba mwaka huohuo Gernsback akafanya kitu ambacho kwangu mimi ndo kinaeleza biashara nzima. Aliweka kava la Paul lisilo na hadithi. Kuna meli kubwa ya baharini inaning'inia hewani imebebwa na chombo cha mviringo, na chini kuna viumbe warefu wanaangalia, basi. Akawaambia wasomaji: elezeni nyie nini kinatokea hapa, zawadi jumla dola 500. Kwa 1926 hizo ni hela. Watu wakaandika kwelikweli, na mshindi wa tatu akawa mwanamke, Clare Winger Harris, mmoja wa wanawake wa kwanza kabisa kuandika kwenye majarida hayo kwa jina lake mwenyewe, na Gernsback katika kumpongeza akashindwa kujizuia akaandika kwamba kwa kawaida wanawake hawaziwezi hadithi za namna hii. Pongezi za aina hiyo tunazijua.

Kwahiyo picha kwanza, hadithi baadaye. Ukishalishika hilo, nusu ya vichekesho vinajieleza vyenyewe. Tunacheka tukisema hili kava halifanani na kitabu, kumbe mara nyingine kitabu ndo kilitakiwa kifanane na kava na kikashindwa.

Na hakuna waliofika mbali kwenye huo mchezo kama Badger Books. Hii ilikuwa chapa ya kampuni ya John Spencer & Co. ya London, moja ya zile zilizochipuka kama uyoga baada ya vita kuu ya pili, bei chee, karatasi mbaya, kazi chapchap. Makava mengi ya Badger yalipita mkononi mwa mtu mmoja, Henry Fox, na waandishi ukiangalia majina unaona wako wengi, kuna Pel Torro, kuna Leo Brett, kuna Bron Fane, unasema hawa jamaa walikuwa na jopo zito. Jopo hakuna. Wote hao ni mtu mmoja anaitwa Robert Lionel Fanthorpe, kijana wa Norfolk aliyezaliwa 1935, na ukizitazama herufi za hayo majina utaona amezichomoa humohumo kwenye jina lake.

Fanthorpe mwenyewe amesimulia mara nyingi jinsi ilivyokuwa na anacheka akisimulia. Mchapishaji anamtumia kava. Kitabu hakuna, hakuna hata wazo, ni kava tu, na anataka hadithi ya kuendana nalo ndani ya siku chache. Fanthorpe ana kazi nyingine mchana, kwahiyo usiku na wikendi anakaa na mashine ya tepu, anajifunika blanketi kichwani asisumbuliwe na chochote, anaanza kusimulia, tepu ikijaa inapelekwa kwa mkewe na ndugu wengine wanaipiga chapa. Kitabu kilitakiwa kiwe na kurasa 158, sio pungufu na sio zaidi. Sasa yeye chini ya blanketi hajui yuko ukurasa wa ngapi, ananogewa, majeshi ya galaksi nyingine yanaizingira dunia, mara anaambiwa kurasa zinaisha, na hapo ndo unakuta jeshi zima lililotisha kwa kurasa 150 linateketea ghafla kwa silaha ambayo haijawahi kutajwa, shujaa anamkumbatia dada, mwisho. Na ikitokea kinyume, kurasa bado nyingi na stori imeisha, shujaa anaanza kutafakari giza: lilikuwa jeusi, lilikuwa la kiza, lilikuwa totoro, lilikuwa kama usiku, lilikuwa usiku wenyewe, mpaka visawe vyote vimeisha kwenye kamusi na sisi bado tumesimama palepale mlangoni.

Kwa mtindo huo alitoa zaidi ya vitabu 150 ndani ya miaka isiyozidi kumi na tano. Baadaye akawa kasisi wa Anglikana, na miaka ya 90 akaendesha kipindi kwenye televisheni ya Channel 4 ya Uingereza, Fortean TV, cha mambo ya ajabu ajabu, anaingia na pikipiki, jaketi la ngozi na kola ya kasisi. Mtu kama huyu unamchekaje zaidi ya anavyojicheka?

Kinachonifurahisha kwa Badger ni kwamba pale kava haliwezi kukosea. Kwa mpangilio ule, mchoraji akikosea akampa roboti mkono mmoja mrefu kuliko mwingine, hilo sio kosa tena, ni mazingira ya hadithi, mwandishi ajue la kufanya nalo. Mimi ningepewa ile kazi ningeandika sura nzima kuhusu ule mkono.

Marekani wao walikuwa na Ace. Kuanzia 1952 kampuni ya Ace Books ilikuja na ujanja wa vitabu viwili kwa bei ya kimoja, senti 35, vimeshonwa migongo pamoja lakini kimoja kimepinduliwa kichwa chini, kwahiyo kitabu hakina nyuma, kina mbele mbili. Ukimaliza hadithi moja unageuza unaanza nyingine. Maana yake kila kitabu kinahitaji makava mawili, na maneno yakutane katikati hata kama itabidi hadithi ikatwe. Mhariri, Donald Wollheim, alikuwa na mkono mwepesi wa kukata na kubadilisha majina yawe ya kushtua, kiasi kwamba ukazuka utani kwenye tasnia kwamba Ace wakipewa Biblia wataikata nusu mbili zilingane, Agano la Kale waliite "Bwana wa Vurugu" na Jipya waliite "Dude Lenye Roho Tatu". Wachoraji wake baadhi walikuwa hatari lakini, kwa maana nzuri. Ed Emshwiller, aliyekuwa anasaini Emsh, ukiona dada kwenye makava yake ana sura ileile kila mara ni kwa sababu ni mkewe, Carol, alikuwa anamkalisha ndani hapo anampiga pozi la kushambuliwa na kiumbe, na baadaye Carol naye akawa mwandishi mkubwa wa haya haya mambo. Ningependa sana kujua walikuwa wanaongea nini wakati wa pozi.

Hapa ngoja nichepuke kidogo, kitabu chenyewe sio cha anga lakini siwezi kukiacha. 1965 Ace hao hao wakachapa The Lord of the Rings ya Tolkien bila ruhusa yake, na Ballantine, wachapishaji waliokuwa na ruhusa, wakajikuta wanakimbizana na muda kutoa matoleo halali. The Hobbit, kitabu kingine cha Tolkien, akapewa Barbara Remington achore kava, muda hakuna, kitabu hajasoma. Akachora vizuri tu, rangi tamu, vilima, mti wenye matunda ya duara ya pinki. Na simba. Na ndege wawili emu, wale wakubwa wa Australia wanaofanana na mbuni. Kama umesoma kile kitabu unajua hakuna simba, hakuna emu, na kwa kweli sijui Australia iliingiaje. Tolkien alipoliona akauliza kwa barua hii kitu inahusiana nini na hadithi, simba wa nini, emu wa nini, na yale madude ya pinki pale mbele ni nini. Mama mmoja wa kampuni akampigia simu, wakabishana, mpaka yule mama akapandisha sauti akamwambia kwamba mchoraji HAKUWA NA MUDA wa kusoma kitabu, kana kwamba hilo linamaliza kesi. Na madude ya pinki, akaelezwa, yalikusudiwa kukumbusha mti wa Krismasi. Matoleo yaliyofuata simba akafutwa. Emu wakabaki. Wale emu mimi nawapa heshima zote, wamekata rufaa na wameshinda.

Lakini yule mama bila kujua alisema ukweli wote. Hakukuwa na muda, na wala hakuna aliyeona shida, kwa sababu kazi ya kava haikuwa kukueleza kitabu kina nini. Kazi yake ilikuwa kukusimamisha pale stesheni ya treni au duka la dawa, kwenye ile stendi ya waya inayozunguka, una haraka, una senti 35, na kuna vitabu vingine hamsini vinakukodolea. Dude la kijani linasimamisha mtu. Mazungumzo ya wanasayansi wawili kuhusu maadili, ambayo ndo kitabu chenyewe kurasa nyingi, hayasimamishi mtu. Ndio maana miaka ya 70 Uingereza Chris Foss akatawala: mameli makubwa ya anga yenye mistari ya njano na nyeusi, yametoboka toboka, yanafuka moshi, mazuri mno, na yakawekwa juu ya kila kitu pamoja na vitabu vya Isaac Asimov ambavyo humo ndani watu wanakaa vyumbani wanaongea. Nimesoma Foundation ya Asimov nikisubiri ile meli. Bado nasubiri. (Foss huyohuyo ndiye mmoja wa waliochora picha za ndani za The Joy of Sex, 1972, kitabu cha mambo ya kitandani, kwahiyo usije ukasema jamaa alijua kuchora mabati tu.)

Na haikuwa lazima iwe hivyo. Ballantine walewale wa emu, miaka ya 50 walikuwa wanamtumia Richard Powers, anachora maumbo yasiyoeleweka, kitu kama mfupa, kitu kama wingu, hakuna dada, hakuna drai ya saluni, na vitabu viliuzika. Kwahiyo wakisema soko ndo lilitaka, mimi huwa nakunja sura kidogo.

Nakunja zaidi nikifika kwa mwandishi Octavia Butler. Kitabu chake Dawn, kilichotoka 1987, mhusika mkuu ni Lilith Iyapo, mwanamke Mweusi, na sio kitu cha kukisia, kimo kitabuni wazi. Toleo moja la wakati ule kavani lina wanawake wawili wa Kizungu, mmoja anamfungua mwenzake kutoka kwenye kitu kama jani kubwa. Na limechorwa vizuri! Ngozi, vivuli, mikono, mikono hasa, hakuna kidole kilichofichwa. Huyu hakulipua. Mwandishi Ursula Le Guin naye alilalamika miaka na miaka, Ged, shujaa wa vitabu vyake vya Earthsea, kamwandika wa rangi ya shaba na kahawia, makavani anatokea mweupe, na yeye anaambiwa kwamba mambo ya makava sio ya mwandishi.

Basi mimi hapo ndo nachora mstari. Roboti mwenye mkono mrefu nacheka nae, maana hakuna aliyeibiwa kitu, mtu alilipwa kidogo akafanya kidogo. Ila mtu aliyejua kuchora kila kitu, akapewa mwanamke Mweusi aliyebeba kitabu kizima mabegani, halafu kampuni ikaona bora akae mwingine pale mbele ili stendi ya waya isishtuke, huyo hata angechora Zohali yenye pete zote sawasawa bado kwangu ndo kava baya kuliko yote niliyowahi kuona, na sidiria ya shaba ikasome. Matoleo ya baadaye walirekebisha, Lilith akarudi kwenye kitabu chake. Ilichukua muda kuliko kumfuta simba.

Sasa tuje kwenye biashara. Nina kava la Foss moja safi limezidi, tunaweza kubadilishana. La Ace lenye mbele mbili nalitafuta, hata kama upande mmoja umeliwa na mende, mradi upande wa pili dude linaonekana. Na yeyote atakayekutana na Pel Torro au Bron Fane chini kwenye turubai, Posta, Kariakoo, popote, asiulize bei mara mbili, achukue, nitamrudishia hela yake na soda juu. Kurasa za mwisho zikiwa zimechanika sio tatizo, najua zinavyoisha.